Lilivunjika, Lilivunjwa au Tulilivunja? Nafasi ya Mtendaji katika Sanaa ya Kijerumani kuhusu Askari wa Kawaida wa Vita Vilivyoshindwa

IKISIRI

Makala haya yanahakiki kazi nne za sanaa za Kijerumani zinazomsawiri askari wa kawaida wakati nchi yake ilipokuwa inashindwa vitani, mwaka 1918 na mwaka 1945, na aliporudi nyumbani baada ya kushindwa. Kazi hizo ni riwaya mbili, tamthilia moja na filamu moja. Hoja kuu ni kwamba ubora wa kazi za aina hii haupimwi kwa wingi wa mateso zinayoyaonyesha, bali kwa nafasi zinayompa mtendaji. Makala yanaonyesha kwamba lugha ya taarifa rasmi za jeshi, ambayo kazi hizi zinakusudia kuipinga, hujipenyeza hata ndani ya kazi zenyewe. Uhakiki unatumia kauli za kitenzi cha Kiswahili kama chombo cha uchambuzi, kisha unatoa mapendekezo kwa wafasiri, wakalimani na watunza kumbukumbu za ushuhuda wa kivita katika ukanda wetu.

1.0 Utangulizi

Daraja likiwa halipitiki tena, msemaji wa Kiswahili ana angalau njia tatu za kueleza kilichotokea. Anaweza kusema kwamba daraja lilivunjika, kwamba lilivunjwa, au kwamba tulilivunja. Sentensi ya kwanza, iliyo katika kauli ya kutendeka, haina nafasi ya kumtaja mtendaji. Tukio linasimuliwa kana kwamba daraja limefikwa na jambo lake lenyewe. Sentensi ya pili inakiri kwamba mtendaji yupo, lakini inamruhusu msemaji kumwacha nje. Katika sentensi ya tatu mtendaji amefungwa ndani ya kitenzi, na kiambishi chake cha nafsi hakiwezi kuondolewa bila kuliharibu neno.

Tofauti hii ndiyo kiini cha uhakiki huu. Fasihi na filamu kuhusu askari wa kawaida wa Ujerumani katika miezi ya mwisho ya vita zimejaa madaraja yaliyovunjika, na swali la nani aliyeyavunja limekuwa swali zito la kimaadili nchini Ujerumani kwa zaidi ya miaka 70. Ni swali linaloihusu pia jamii yoyote inayokusanya simulizi za wapiganaji wake wa zamani.

Ni vema kukiri kwanza kwamba kauli ya kutendwa haikuwa uongo mtupu kwa askari huyo. Utafiti wa mwanahistoria Rüdiger Overmans, uliochapishwa mwaka 1999, unakadiria kwamba wanajeshi wa Ujerumani waliokufa katika Vita vya Pili vya Dunia walikuwa takriban milioni 5.3. Kati yao, zaidi ya milioni 1.2 walikufa kati ya Januari na Mei 1945, na Januari pekee ilichukua takriban 450,000. Askari huyo alikuwa na adui mbele na mahakama nyuma. Katika Vita vya Kwanza, mahakama za kijeshi za Ujerumani zilitoa hukumu za kifo 150, na 48 zikatekelezwa. Katika Vita vya Pili hukumu hizo zilifikia takriban 30,000, na nyingi zilitekelezwa. Kuanzia Machi 1945 mahakama za papo hapo zilizunguka kwa magari nyuma ya mstari wa mapambano, zikihukumu na kuua siku ile ile.

Pamoja na hayo, miezi hiyo hiyo ina upande mwingine. Wafungwa wa kambi za mateso walikuwa wakiswagwa kwa miguu barabarani, na waliochoka walipigwa risasi. Raia wa Kijerumani waliotundika vitambaa vyeupe madirishani waliuawa na Wajerumani wenzao. Waliofanya hayo hawakuwa majenerali peke yao. Methali yetu husema kwamba wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Askari wa kawaida hatoshei vizuri katika methali hiyo. Yeye ni nyasi inayokanyagwa, na papo hapo ni unyayo unaokanyaga. Kazi ya sanaa inayomwonyesha kama nyasi tu imesema nusu ya ukweli.

2.0 Taarifa ya Jeshi kama Utanzu

Kazi tatu kati ya nne zinazohakikiwa hapa haziwezi kueleweka bila matini nyingine iliyo nyuma yake, nayo ni taarifa ya kila siku ya makao makuu ya jeshi. Taarifa hiyo ilichapishwa magazetini katika vita vya kwanza, na katika vita vya pili ilisomwa pia redioni. Ni utanzu wenye kanuni zake. Husema mahali, hutaja tarehe, hupima hasara ya adui, na humficha mtendaji kila jambo linapoharibika.

Aliyeichunguza lugha hiyo kwa jicho la mwanaisimu ni Victor Klemperer, profesa wa Dresden aliyefukuzwa kazini kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi, ambaye kitabu chake LTI kilitoka mwaka 1947. Klemperer anaonyesha kwamba kadiri vita vilivyozidi kuwaelemea Wajerumani, ndivyo neno "kushindwa" lilivyozidi kuepukwa. Mahali pake palikuja maneno yenye maana ya pigo la muda au ya kipindi kigumu. Wakati huo huo maneno ya kusifu yalipandishwa daraja mpaka yakaishiwa nguvu: "ushupavu" uliokuwa ukisifiwa tangu mwanzo ulilazimika kuongezewa vivumishi vya ukali ili usikike.

Taarifa ya mwisho ya jeshi hilo ilitolewa tarehe 9 Mei 1945. Ilitangaza kwamba silaha zimenyamaza tangu usiku wa manane, kwamba jeshi limeelemewa kwa heshima na nguvu kubwa mno ya adui, na kwamba historia itakuja kutoa hukumu ya haki juu ya kazi yake. Hata silaha zenyewe zilinyamaza bila kunyamazishwa na mtu. Sentensi hizo chache ziliweka msingi wa dhana iliyodumu kwa miongo kadhaa, kwamba jeshi la kawaida lilipigana kwa usafi na kwamba uovu ulikuwa wa wengine. Dhana hiyo ilitikiswa hadharani na maonyesho ya Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Hamburg yaliyozunguka mijini kuanzia mwaka 1995, yakionyesha ushiriki wa jeshi katika mauaji ya raia.

3.0 Remarque: Kuipinga Taarifa kwa Sentensi Yake

Riwaya ya Erich Maria Remarque, Im Westen nichts Neues, ilitoka kama kitabu mwaka 1929. Jina lake limetokana na lugha ya taarifa ya jeshi, kwamba upande wa magharibi hakuna jipya. Mhusika mkuu, Paul Bäumer, anakufa Oktoba 1918, siku ambayo taarifa haikuona la kuripoti. Mbinu hii ni kali. Msomaji aliyeishi na Paul kwa kurasa nyingi anaambiwa kwamba, kwa lugha ya dola, kifo chake si tukio.

Sura inayosimulia kiangazi cha mwaka 1918 ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa mada yetu. Askari wana njaa, wanaharisha, mizinga imechakaa hata inawapiga watu wa upande wake, na wanaoletwa kujazia pengo ni vijana wasiojua hata kujificha. Kwa sura hiyo Remarque anaubomoa uzushi ulioenea baada ya mwaka 1918, uliodai kwamba jeshi halikushindwa vitani bali lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa wa nyumbani. Haishangazi kwamba Wanazi walikichoma moto kitabu hicho mwaka 1933.

Hata hivyo, ndani ya sura hiyo hiyo msimulizi anatoa maelezo ambayo wahakiki wengi huyapita haraka. Anasema kwamba wao kama askari hawakuzidiwa ubora, ila wamesukumwa nyuma na wingi wa adui usiomithilika. Tukiyaweka maelezo haya karibu na taarifa ya tarehe 9 Mei 1945, tunaona muundo ule ule: aliyeshindwa hakushindwa, ameelemewa. Riwaya iliyoanza kwa kuidhihaki lugha ya taarifa inaazima hoja ya taarifa inapofika mahali pa kujieleza. Hili halimfanyi Remarque kuwa mtetezi wa vita. Linaonyesha jinsi lugha hiyo ilivyokuwa imeenea, kiasi kwamba mpinzani wake mkuu alihitaji kujichunga katika kila sentensi ili asiitumie.

Lipo pia suala la kitendo. Mahali ambapo Paul anaua kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya shimo la bomu akiwa na Mfaransa anayekufa taratibu, ndipo riwaya inapofikia kilele chake cha kimaadili. Hapo kitenzi kina nafsi ya kwanza. Lakini tukio hilo linabaki kama kisiwa. Kufikia miezi ya mwisho, vitenzi vya Paul ni vya mtu anayetendewa: anasukumwa, anapelekwa, anaachwa peke yake.

4.0 Madaraja Mawili: Böll na Wicki

Heinrich Böll aliitumikia Wehrmacht katika miaka yote ya vita vya pili, na mwaka 1972 alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi. Riwaya yake Wo warst du, Adam?, ya mwaka 1951, inafuata kurudi nyuma kwa jeshi la Ujerumani kupitia Ulaya ya Mashariki mpaka nyumbani. Jina lake linatokana na swali ambalo Mungu alimuuliza Adamu alipojificha bustanini. Nukuu aliyoiweka Böll mwanzoni inaeleza maana yake: vita vyenyewe vinaweza kuwa kisingizio cha kutokuwepo mahali ulipopaswa kuwa. Kwa hiyo riwaya inafunguka kwa swali la mtendaji.

Tukio la daraja ni mfano bora wa ufundi wa Böll. Askari na mafundi wanalijenga upya daraja lililoharibiwa, kwa bidii na kwa ratiba. Linapokamilika, adui yuko karibu, na amri inatoka lilipuliwe. Kila mmoja ametekeleza wajibu wake na hakuna aliyefanya kosa la kiufundi. Mwandishi anaonyesha jinsi kazi njema inavyoweza kutumika kuficha upuuzi wa jumla, kwa sababu kila mtendaji anaona kipande chake tu.

Udhaifu wa riwaya unajitokeza Böll anapofika kwenye mauaji ya Wayahudi. Feinhals, mhusika anayerudi katika sura nyingi, ni msanifu majengo mpole na aliyechoka. Anampenda Ilona, mwalimu mwenye asili ya Kiyahudi, kisha anampoteza. Anayemuua Ilona ni Filskeit, mkuu wa kambi mwenye wazimu wa muziki wa kwaya, mtu wa SS. Mgawanyo huu unamwachia askari wa kawaida mikono misafi, kwani uovu umekusanywa ndani ya mtu mmoja asiyefanana naye. Böll mwenyewe anaelekea kulishuku jambo hili, kwa maana anaonyesha magari ya kubebea samani yakitumika kuwasafirisha askari huku na Wayahudi kule. Mfumo wa usafirishaji ni mmoja. Ila riwaya haimfikishi Feinhals mahali pa kuuliza gari lile lingine lilikuwa likienda wapi, na lilipita kwa idhini ya nani. Mwishoni anauawa mlangoni kwa wazazi wake na kombora la Kijerumani, na kitambaa cheupe kilichokuwa kimetundikwa kinamfunika kama sanda. Ni mwisho wenye uchungu wa kweli, lakini unamalizia kumfanya mtendwa.

Daraja la pili ni la filamu Die Brücke, iliyoongozwa na Bernhard Wicki mwaka 1959. Imetokana na riwaya ya mwaka 1958 ya Manfred Gregor, jina la kalamu la Gregor Dorfmeister, ambaye mwenyewe alikuwa askari mtoto mwishoni mwa vita. Wavulana saba wa darasa moja, wenye umri wa karibu miaka 16, wanaachwa kulinda daraja la mji wao katika siku za mwisho za Aprili 1945. Daraja hilo halina maana yoyote kijeshi, na wakubwa wamekwisha kuamua lilipuliwe. Mkubwa wao wa karibu, aliyepaswa kuwarudisha nyumbani, anauawa na askari polisi wa Kijerumani wanaomshuku kuwa mtoro. Tangu hapo hakuna mtu mzima anayejua kwa nini wavulana wako pale.

Wicki anapita hatua moja mbele ya Böll. Wavulana wake wanaua, na filamu haigeuzi kamera pembeni. Mmarekani mmoja anawasihi waache kupigana kwa kuwa hataki kupigana na watoto. Anapigwa risasi ya tumbo, na kilio chake kinaendelea kwa muda ambao mtazamaji angependa ufupishwe. Anayebonyeza kifyatulio ni mtoto, na kitendo ni chake. Papo hapo filamu imekwisha kutuonyesha walimu, wazazi na maofisa waliomfikisha hapo. Mwishoni maandishi yanatuarifu kwamba tukio hilo la tarehe 27 Aprili 1945 lilikuwa dogo mno hata halikutajwa katika taarifa yoyote ya jeshi. Wicki, miaka 30 baada ya Remarque, anarudi kwenye shutuma ile ile dhidi ya utanzu ule ule.

Pingamizi letu kwa filamu hii linahusu uteuzi wa wahusika. Kwa kuwachukua wavulana walioitwa jeshini siku chache kabla, msanii amejipatia askari wasio na jana. Hawakuwahi kwenda Poland wala Ukraine. Hatia yao inaanzia darajani na kuishia hapo hapo. Msimulizi anayeanza hadithi ya vita vya miaka karibu sita katika wiki yake ya mwisho amekwisha kuamua nani atahurumiwa, hata kabla sentensi ya kwanza haijaandikwa.

5.0 Borchert: Mzigo Usiorudishika

Tamthilia ya Wolfgang Borchert, Draußen vor der Tür, ilirushwa kwanza redioni Februari 1947, kisha ikaigizwa jukwaani Hamburg tarehe 21 Novemba mwaka huo, siku moja baada ya kifo cha mwandishi aliyekuwa na umri wa miaka 26. Beckmann, askari wa cheo cha chini, anarudi nyumbani na kukuta kila mlango umefungwa. Ukisoma muhtasari huu pekee, utaiweka tamthilia hii katika fungu la malalamiko ya mtendwa. Mandhari mawili yanaikataa tafsiri hiyo.

Katika mandhari ya kwanza, Beckmann anamwendea kanali wake wa zamani ili amrudishie dhamana ya askari 11 waliokufa katika doria aliyoiongoza. Kanali alitoa amri; Beckmann aliitekeleza. Kanali anacheka. Katika mandhari ya pili, Beckmann anajikuta amevaa koti la mtu wa mguu mmoja, nyumbani kwa mtu huyo, karibu na mke wake. Mguu ulipotea kwa sababu Beckmann mwenyewe alimwamuru askari huyo asiondoke mahali pake. Hivyo anayelalamika kwa kanali analalamikiwa na mwingine, kwa maneno yanayolingana na yake.

Kiswahili kinatupatia hapa istilahi inayofaa, yaani kauli ya kutendeshwa. Anayesema "nilipiganishwa" ametaja kwa kitenzi kimoja mambo mawili: kwamba kulikuwa na mwenye kusukuma, na kwamba aliyepigana ni yeye. Kauli hii haimwondolei kitendo wala haimwachi peke yake na kitendo hicho. Borchert amempatia Beckmann hali hiyo bila kumpa upande mmoja pa kukimbilia. Kati ya kazi nne, hii ndiyo inayokaribia zaidi ukweli wa askari wa kawaida, ingawa ndiyo yenye muundo uliolegea kuliko zote na mara nyingine inaelemewa na kilio chake.

Ushahidi wa nje ya sanaa unaunga mkono usomaji huu. Mwaka 2011 Sönke Neitzel na Harald Welzer walichapisha kitabu Soldaten, kinachochambua mazungumzo ya wafungwa wa kivita wa Kijerumani yaliyorekodiwa kwa siri na Waingereza na Wamarekani. Wakiwa wao kwa wao, bila kujua kwamba wanasikilizwa, wengi walisimulia mauaji waliyoyafanya au kuyaona kwa wepesi wa mazungumzo ya kawaida. Kwa hiyo lugha ya mtendaji ilikuwepo. Iliondolewa baadaye, mbele ya hakimu, mbele ya watoto, na mara nyingi mbele ya karatasi nyeupe ya mwandishi.

6.0 Umuhimu kwa Ukanda Wetu

Jeshi la mwisho la Ujerumani kuweka silaha chini katika Vita vya Kwanza liliweka silaha hizo katika ardhi ya Afrika. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mapatano ya Ulaya, Paul von Lettow-Vorbeck alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, akiwa na Wazungu 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi. Kwa hiyo askari wa kawaida wa vita hivyo vilivyoshindwa alikuwa pia mtu aliyepewa amri kwa Kiswahili, na neno "askari" lenyewe liliingia katika Kijerumani. Machi 1919 kamanda alipokewa Berlin kama mtu ambaye hakushindwa, na kumbukumbu zake zilizofuata zilimsifu askari wake kwa uaminifu. Katika sentensi hizo askari ni mtendwa wa sifa. Alichokitenda kwa hiari, alichotendeshwa, na njaa iliyoachwa vijijini baada ya chakula kuchukuliwa, vyote vinafunikwa na kivumishi kimoja.

Suala hili si la kihistoria pekee. Katika kesi ya Thomas Lubanga mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyofikia hukumu ya hatia tarehe 14 Machi 2012 kwa kosa la kuandikisha watoto wa chini ya miaka 15 na kuwatumia vitani huko Ituri, baadhi ya mashahidi walitoa ushahidi kwa Kiswahili cha Kongo. Mtoto aliyeandikishwa jeshini anahitaji kauli ya kutendeshwa ili aelezwe kwa haki. Mkalimani akiigeuza kuwa kauli ya kutenda, anamtwika mtoto mzigo wa mkubwa. Akiigeuza kuwa ya kutendeka, anamfuta mkubwa na mtoto kwa pamoja, na kuwafuta pia waliodhuriwa na wote wawili.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Remarque na Wicki wanaishutumu taarifa ya jeshi kwa kumfuta askari. Shutuma hiyo ni ya haki, lakini askari anaweza kufutwa na taarifa na bado akabaki na matendo yake. Böll analiuliza swali la Adamu na kumwondolea mhusika wake haja ya kulijibu. Borchert peke yake ndiye anayemfanya aliyeamriwa akutane ana kwa ana na yule aliyemwamuru yeye.

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kazi hizi zifasiriwe kwa Kiswahili moja kwa moja kutoka Kijerumani, na mfasiri aweke orodha ya mahali ambapo mtendaji ameachwa nje katika matini chanzi, ili pengo la mwandishi lisizibwe wala lisiongezwe. Pili, vituo vinavyokusanya simulizi za wapiganaji wa zamani vihifadhi sauti na manukuu ya Kiswahili kilichosemwa pamoja na tafsiri, kwa sababu tofauti kati ya "kijiji kiliungua" na "tulikichoma kijiji" ikipotea katika tafsiri hairudi. Tatu, mafunzo ya wakalimani wa mahakama na tume za maridhiano yaingize somo la kauli za kitenzi kama suala la ushahidi, kwa mifano kutoka lahaja za Kiswahili zinazozungumzwa mahali ambapo mashahidi wanatoka, ikiwemo Bunia na Bukavu, na si Kiswahili sanifu peke yake.